Naomba ushauri: nitatambuaje ubora wa suti kabla ya kulipa?

Ndugu wanachama, habari za majukumu. Nahitaji suti ya kazini, na hapa Dar es Salaam nimebaki na mbili za kuchagua: mpya ya dukani Kariakoo, ambayo lebo yake inasema poliesta asilimia 65 na viskosi asilimia 35, na ya mtumba ya sufu tupu, ambayo bei yake ni pungufu kidogo tu.

Nimefinyanga mkono wa kila koti kiganjani kisha nikauachia: wa sufu ulijinyoosha mara moja, wa dukani ukabaki na mikunjo. Hata hivyo, ile ya mtumba imeanza kung'aa kwenye viwiko na makalio ya suruali. Kinachonitatiza zaidi ni kifua cha koti jipya. Nafahamu kwamba ukibana kitambaa karibu na tundu la kifungo cha chini na kuvuta pande zote mbili, unapaswa kuhisi tabaka la tatu (kitambaa cha ndani kinachokipa kifua umbo) linaloelea katikati iwapo limeshonwa, na kwamba lililobandikwa kwa gundi linaweza kufanya malengelenge baadaye, lakini vidole vyangu havinipi jibu, na muuzaji anaapa kwamba limeshonwa (angesema nini kingine?).

Naomba mafundi cherehani na wazoefu mnisaidie: je, kuna njia nyingine ya kutambua gundi bila kufumua bitana? Na sufu iliyokwisha kung'aa hivyo inarekebishika, au ni heri nichukue hiyo mpya?

Natanguliza shukrani.