Nimebakiwa na milioni 4.5, mahari ni milioni 5. Nikope laki tano au niombe wapunguze?

Mwana wa Bondeni:
Habari za jioni wakuu, shikamooni wakubwa. Mimi ni kijana wa miaka 27, fundi simu hapa Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Naomba ushauri wa haraka, maana Jumamosi ya wiki ijayo mshenga wangu anarudi ukweni na mimi usingizi sipati.

Nimezaliwa Jangwani, bondeni kabisa, siyo kule barabarani. Baba simjui. Mama alitulea mimi na mdogo wangu kwa vitumbua na chai ya asubuhi. Nilianza kubeba mizigo Kariakoo nikiwa na miaka 17. Mwaka 2019 nilimbebea mama mmoja robota la vitambaa mpaka kwenye gari, alikuwa na binti yake anayesoma chuo. Mama akanipa elfu mbili. Binti akanipa chupa ya maji, akaniuliza naitwa nani. Wakuu, kwa miaka yote niliyobeba mizigo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza jina. Kuanzia siku ile nikasema huyu nitamuoa, na sitamuoa nikiwa kuli.

Nikapambana. Nikapata kizimba ndani ya Soko la Kariakoo, soko likaungua 2020 nikarudi sifuri, nikajifunza ufundi simu, sasa nina fremu yangu ya duka. Binti kamaliza chuo, anafanya kazi, ananipenda. Kwao ni Kimara, asili yao Rombo. Barua ya posa imepokelewa, kishika uchumba nimetoa. Mahari wametaja milioni 5 pamoja na mbuzi na blanketi. Nina milioni 4.5. Nikope laki tano au mshenga aombe punguzo?

Mzee wa Temboni:
Kijana, mahari haimalizwi siku moja. Mimi nilioa Machame mwaka 1994, nikabakiza mbuzi wawili. Mpaka leo mkwe wangu ni mzee wa miaka themanini na kitu, kila Krismasi nikifika ananiuliza mbuzi wake wako wapi, tunacheka, tunakunywa mbege. Deni la mahari ndilo linalokurudisha ukweni. Ukimaliza yote utaenda kule kufanya nini?

Kijiwe Nongwa:
Laki tano tu ndiyo inakunyima usingizi? Mimi nadaiwa mpaka na muuza kahawa na nalala fofofo.

Wakili wa Mtaa:
Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 41, inasema wazi kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haijalipwa. Kama binti ametimiza umri na ameridhia, mnafunga.

Mzee wa Temboni:
Wakili, kafungie ndoa kifungu, kisha nenda Rombo ukale ndafu na kifungu chako.

Binti Tumbatu:
Kwetu Unguja mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, yeye ndiye anayetaja na mkononi mwake ndimo yanamofika. Hivi kuna mtu aliyemuuliza huyo binti yeye anataka nini? Watu wazima wote wanazungumzia mbuzi.

Fundi Guta:
Usikope. Hasa usiguse hii mikopo ya kausha damu. Dada yangu alichukua laki tatu, marejesho kila siku, akikosa wanakuja kukaa sebuleni wanaangalia televisheni mpaka wanaondoka nayo. Omba punguzo, siyo aibu.

Shangazi Mbagala:
Mwanangu, nimesoma mara mbili. Fundi simu wa miaka michache, umetoka sifuri, una fremu Aggrey, umetoa kishika uchumba, na bado una milioni nne na nusu taslimu? Kilemba cha fremu kule, ile hela ya kumpa mwenye fremu ili uingie, nakijua, mwanangu wa kwanza alikimbia. Hela umeitoa wapi?

Mwana wa Bondeni:
Shangazi shikamoo. Ni hela ya familia. Tusitoke kwenye mada tafadhali, swali langu ni laki tano.

Shangazi Mbagala:
Marahaba. Familia ni wewe, mdogo wako na mama muuza vitumbua. Mmoja wenu ametoa. Nani?

Mwana wa Bondeni:
Sawa, nieleze tu. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya eneo la mradi wa bonde la Msimbazi. Mama alilipwa fidia, nyumba ikavunjwa. Jumla milioni 9. Mama hajui mambo ya simu na benki, akaniambia baba, zishike wewe, tununue kiwanja Chanika. Kiwanja cha milioni 7 tulishakiona, kina mwembe.

Sikuzila. Niliziweka kwenye mzunguko. Milioni tatu na nusu nikatoa kilemba cha fremu, maana baba mkwe alisema atakuja Kariakoo kuona kazi yangu, na mimi nilikuwa na meza tu nje ya duka la mtu. Ningemkalisha wapi? Milioni moja ikaenda kwenye barua, kishika uchumba na mshenga. Iliyobaki ndiyo hiyo. Fremu ikichanganya kwa mwaka mmoja namrudishia mama kiwanja na tofali juu. Na mama anataka nioe, kila siku anasema.

Shangazi Mbagala:
Mama analala wapi sasa hivi?

Mwana wa Bondeni:
Kwa mama mdogo, Gongo la Mboto. Sebuleni. Ni kwa muda tu.

Shangazi Mbagala:
Tangu lini?

Mwana wa Bondeni:
Huu ni mwezi wa saba sasa yuko pale.

Dada wa Muscat:
Kaka, naomba nikwambie kitu bila hasira. Nimefanya kazi za ndani huku Oman miaka sita. Kila mwezi nilimtumia kaka yangu hela ya kujenga. Alinitumia picha: msingi, kuta, bati. Niliporudi likizo nikaenda kuona nyumba yangu Kibaha nikakuta msingi umeotwa na mbaazi. Picha zilikuwa za nyumba ya jirani. Kaka yangu naye hakuzila, alisema aliweka kwenye mzunguko, alinunua pikipiki mbili. Nililia siku tatu, halafu nikarudi huku kuanza upya, ndipo nilipo mpaka leo. Sikulilia hela. Nililia zile simu za kila Ijumaa alizokuwa ananiambia bati limefika. Wewe unamwambia nini mama kila akiuliza kiwanja?

Mwana wa Bondeni:
Namwambia mwenye kiwanja amesafiri.

Kibatari:
Ngojeni kidogo. Kabla hamjaendelea kulia, someni post ya kwanza. Anasema kizimba chake kiliungua Soko la Kariakoo 2020. Soko liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Mimi mjomba wangu alikuwa na kizimba mle ndani, alisimama nje mpaka alfajiri anaangalia moshi. Mtu aliyeunguliwa hakosei mwaka. Hapa kuna mtu anatutungia hadithi: kuli masikini, binti wa Kimara, maji ya kunywa, mwembe.

Kijiwe Nongwa:
Nilijua tu. Ile chupa ya maji ilinitia shaka, Kariakoo nani anagawa maji bure? Mtunzi, sehemu ya pili lini?

Fundi Guta:
Na mimi nimeandika mambo ya dada yangu hapa kwa moyo wote. Wakuu tuwe tunachunguza.

Wakili wa Mtaa:
Fidia hulipwa kwa mwenye mali mwenyewe, kwenye akaunti yake. Aeleze zilimfikiaje.

Kibatari:
Kama wewe ni wa Jangwani kweli, mvua kubwa ikinyesha mnafanya nini? Usiniambie mnahama, hilo limeandikwa magazetini.

Mwana wa Bondeni:
Kitanda kinapandishwa juu ya matofali. Manne kila mguu, mwezi wa nne yanakuwa sita. Magodoro na daftari za shule vinapanda juu ya kenchi. Unga unafungwa kwenye ndoo yenye mfuniko na kuning'inizwa. Mlango hamfungi, mnaacha wazi, ukiufunga maji yanausukuma ukuta. Yakikauka mama anachora mstari kwa mkaa pale yalipofika. Mstari wa Desemba 2011 ulikuwa juu ya kichwa changu, nilikuwa na miaka 13, tulikaa juu ya bati tangu alfajiri mpaka mchana. Wenzetu wengi walihamia Mabwepande, mama akakataa kwa sababu wateja wake wa vitumbua wako Kariakoo na kutoka Mabwepande saa kumi alfajiri hakuna gari. Wakati wa kuvunja nyumba alitaka kubandua lile plasta lenye mistari aende nalo. Likapasukia mikononi.

Wakili: akaunti ni ya mama, ilifunguliwa tukiwa wote, kadi na namba ya siri ninavyo mimi.

Kuhusu moto. Sijawahi kuwa na kizimba. Mwaka 2021 nilikuwa bado nabeba mizigo. Moto ulipotokea ndiyo nilikuwa nimeanza kuongea na binti kwenye simu, akaniuliza kwa nini kijana mwenye akili kama mimi nabeba mizigo. Nikamwambia nilikuwa na biashara yangu ikaungua sokoni. Akanionea huruma, akawaambia na kwao. Tangu hapo nimeirudia mara nyingi mpaka kwenye barua ya posa imeandikwa, na hapa nimeiandika bila hata kufikiri. Mwaka nimekosea kwa sababu haikunitokea.

Kibatari:
Ya tofali na mlango wazi huwezi kuyatunga. Bibi yangu alikaa Kigogo, mlango ulikuwa hivyohivyo. Samahani mkuu.

Lakini sasa una moto wa uongo, fremu ya mama na kiwanja ambacho mwenyewe amesafiri. Laki tano ndiyo ndogo kuliko vyote hivi.

Binti Tumbatu:
Alikuuliza jina ukiwa kuli. Akakupa maji ukiwa kuli. Huyo ndiye mtu uliyeona unahitaji kumdanganya?

Mwana wa Bondeni:
Nyinyi hamkai kule sebuleni kwao mkaulizwa "nyumbani ni wapi". Ukisema Jangwani watu wanaangaliana. Mimi niliwaona wanaangaliana. Nikirudisha hela kwa mama sasa hivi, Jumamosi mshenga anaenda na nini? Miaka sita yote imekwenda. Nikimaliza hili moja, mengine yote nayaweka sawa. Kwani nikioa vizuri siyo faida ya mama pia?

Mzee wa Temboni:
Nimeacha mambo ya mbuzi, nisikilize. Mimi nina mabinti watatu. Akija kijana akaniambia mama yake anauza vitumbua, nitauliza vitumbua vinauzwa wapi. Nikijua baadaye kwamba mahari niliyopokea ni paa la mwanamke mwenzake mke wangu, nitarudisha hata blanketi. Ahirisha Jumamosi. Mshenga kazi yake ndiyo hiyo, kusema maneno magumu kwa adabu.

Dada wa Muscat:
Anza na mama. Usimtume mtu, usipige simu.

Shangazi Mbagala:
Nenda asubuhi, kabla hajaanza kukaanga.

*Siku nne baadaye*

Mwana wa Bondeni:
Wakuu, nimerudi.

Nilienda alfajiri, shangazi, nikachelewa, nikamkuta tayari yuko jikoni. Nikamwambia yote nimesimama. Hakupaza sauti. Aligeuza vitumbua mpaka karai likaisha, akavihesabu, akaviweka kwenye beseni. Halafu akauliza: "Na wa mwembe alikuwa hajasafiri?" Nikasema hajasafiri. Akaniambia nimbebee beseni mpaka kituoni. Nililibeba. Hatukuongea njia nzima.

Mwenye fremu anasema kilemba hakirudi, ila ameniruhusu nitafute mtu wa kuingia badala yangu. Nimemtafuta, bado. Milioni 4.5 zimelipwa Chanika juzi mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Jina limeandikwa la mama, amesaini mwenyewe. Kadi ya benki iko kwake. Zimebaki milioni 2.5 na tumepewa hadi Desemba. Namalizia mimi.

Mshenga amepeleka udhuru Kimara. Binti nimemwandikia kila kitu, kuanzia moto. Nilitaka kwenda ana kwa ana, akasema nisije kwanza. Jana usiku akauliza kitu kimoja tu, kama lile jina nililomwambia siku ya robota ni la kweli.

Binti Tumbatu:
Ukamjibuje?

Mwana wa Bondeni:
Nikamwambia ni la kweli. Ameona ujumbe. Hajajibu.

Kijiwe Nongwa:
Mkuu, meza yako iko upande gani wa Aggrey? Simu yangu kioo kimepasuka, na jirani yangu naye. Nawaleta kesho.