Shati nimelivaa, mfumo unasema limepotea, mshahara umekatwa. Hizi tagi za kwenye sare ni uhuni!

Habari zenu wakuu. Nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia nikichanganya mambo.

Nafanya kazi kwenye hoteli moja hapa Dar, upande wa usafi wa vyumba. Mwezi uliopita nafungua hati ya mshahara nakuta makato ya Sh 38,000, maelezo yake "sare iliyopotea". Nikapanda ofisini. Nimesimama mbele ya afisa utumishi, shati lenyewe liko mwilini, namba yangu ya wino ipo kwenye kola, namgeuzia aione. Na yeye ananigeuzia kompyuta: "Mfumo unaonyesha halijarudi dobi tangu tarehe 9." Dada, si hili hapa? "Mimi nafuata mfumo."

Kwa ambao hawajakutana na hizi tagi: kwenye pindo la shati wanashona kitambaa kidogo, chembamba, urefu kama wa kidole. Ndani kuna chipu ndogo kama punje ya mchanga na antena ya uzi wa chuma. Haina betri. Ukipita karibu na kisomaji, yaani mashine ya kuzisoma iliyofungwa mlangoni, mawimbi yake ndiyo yanaiamsha, inataja namba yake, basi. Jina lako halimo humo, liko kwenye kompyuta yao.

Nisiwe mnafiki, kwenye mashuka imetuokoa. Zamani tulikuwa tunamwaga magunia ya mashuka machafu sakafuni tunahesabu moja moja kwa mkono, na mnajua wageni wengine wanaacha nini kwenye shuka. Siku hizi gunia linapita mlangoni limefungwa, idadi inatokea. Kwa hilo aliyeileta namshukuru.

Lakini shuka likikosekana kwenye hesabu hakuna anayekatwa. Shati langu likikosekana mwizi ni mimi.

Na kukosekana ni rahisi mno. Mawimbi ya hizi tagi maji yanayameza na chuma kinayarudisha. Sasa chukua shati bichi, lichimbie katikati ya rundo la mataulo yaliyolowa, weka kwenye toroli la chuma, sukuma mlangoni mbio mbio maana gari la dobi linapiga honi. Lisiposomwa utamlaumu nani?

Tena zinakufa! Tagi nyingi za aina hii watengenezaji wanazipa dhamana ya kufuliwa kama mara 200. Piga hesabu: nina mashati mawili, nafanya kazi siku 6 kwa wiki, kila shati linafuliwa mara 3. Mara 200 zinaisha kwa mwaka mmoja na miezi 3 hivi. Haya mashati tunayo mwaka wa pili unaisha, na kila mara yanapita kwenye pasi ya moto ya mashine. Hakuna aliyebadilishiwa tagi hata moja. Betri ya rimoti ikiisha unasema TV imeibiwa?

Kingine kilichonichefua zaidi ya hiyo hela. Wamefunga visomaji vingine mlango wa kantini na korido ya vyoo. Hatukuambiwa. Nimejua siku msimamizi aliponiita kuniuliza mbona nimepita korido ile mara 5 kabla ya saa sita mchana. Kaka, tumbo lilikuwa linaniendesha! Ilibidi nimweleze mtu mzima mwenzangu habari za tumbo langu, huku wenzangu wanasikiliza. Walituambia ni ya kuhesabu nguo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka mtu aambiwe taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani, na imeanza kutumika tangu Mei 2023.

Kuhusu makato, nimesoma kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ili mwajiri akukate kwa ajili ya hasara lazima uwe umekubali kwa maandishi, hasara iwe kosa lako, akupe maelezo ya deni kwa maandishi na akupe nafasi ya kupinga. Mimi sijasaini kitu. Maandishi niliyopewa ni ule mstari mmoja kwenye hati ya mshahara.

NAONGEZA: Wanaosema hiyo tagi niichane tu kwa wembe, mwenzangu alijaribu akapewa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya kampuni. Yaani ikifa yenyewe nalipa shati, nikiitoa naonywa.

Aliyewahi kufika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi) kwa makato kama haya aniambie ilikuwaje, siku 60 za kupeleka lalamiko zinayoyoma. Na alikwenda na ushahidi gani, maana wa kwangu nimeuvaa.