Tupeane uzoefu: mliopiga kura Ubungo na Kimara, uchaguzi gani hamtausahau?

Mkazi wa Mabibo: Wakuu, leo nimepita kwenye shule niliyopigia kura mwaka 2005, kumbukumbu zikanijia zote. Tulijiandaa kwa Oktoba 30, mgombea mwenza wa Chadema akafariki, tukasogezwa hadi Desemba 14. Keenja wa CCM akashinda ubunge wa Ubungo, Mnyika wa Chadema akiwa bado kijana kabisa akaangushwa. Haya, kila mtu amwage lake.

Mzee wa Manzese: Mnaanzia 2005? Oktoba 29, 1995 nimefika kituoni alfajiri, karatasi za kura hazipo. Saa nane mchana hazipo. Wazee wamekaa chini juani, hakuna anayetaka kuacha nafasi yake. Dar nzima ikafutwa, tukarudia Novemba 19. Siku hiyo mstari ulikuwa mfupi, wengi walishakata tamaa.

Kijana wa Sinza: Shikamoo mzee. Marehemu baba alikuwa akilisimulia hilo hilo.

Mama Kimara: Mimi ni 2010, naomba mnivumilie. Oktoba 31, Jumapili. Kituoni kwetu kura zilihesabiwa usiku kwa taa ya chemli. Wakala wa chama chetu alikuwa binti wa jirani. Alipopewa nakala ya fomu 21B, ile ya matokeo ya ubunge, aliikunja mara nne, akaiweka kifuani na kufunga kanga juu yake. Hakula wala hakwenda msalani. Tukamsindikiza kwa miguu, wanawake watupu, hadi kituo cha kujumlishia. Askari wamejipanga getini, vijana wamejaa barabarani, wanaimba. Jumatatu nzima matokeo kimya. Kila gari likitoka tunasimama, tunadhani masanduku yanahamishwa. Yule binti hakuitoa fomu mpaka alipoitwa ndani. Mnyika alipotangazwa nililia jamani, nililia barabarani mbele za watu. Na bado kesi ya Hawa Ng'humbi, mgombea wa CCM aliyeshindwa, ikaendelea Mahakama Kuu hadi Mei 2012!

Fundi wa Makuburi: Mama, mwili umenisisimka.

Mwana Ubungo: Msimpuuze Mzee Keenja. Kabla ya ubunge aliongoza Tume ya Jiji la Dar, na jiji likasafishika tukaona.

Mama Kimara: Usafi wa jiji sawa. Na mabomba makavu ya Kimara aliyaona nani?

Mwana Ubungo: Mbona 2015 jimbo lilipogawanywa Mnyika alikwenda kugombea jimbo jipya la Kibamba, Ubungo akatuachia Kubenea wa Chadema?

Fundi wa Makuburi: Mbezi na Saranga zilikwenda Kibamba, mkuu, alifuata watu wake. Wa kuulizwa ni Kitila Mkumbo: alikuwa Chadema, akaenda chama cha ACT-Wazalendo, na 2020 akalichukua Ubungo kwa CCM.

Kijana wa Sinza: Ya Oktoba 29, 2025 mimi bado siwezi kuyasimulia.

Mzee wa Manzese: Pumzika, mwanangu. Utasimulia ukiwa tayari.

Aliyehamia Kibaha: Nyumba yetu ya Kimara ilipigwa X, ikabomolewa 2017 kupisha barabara. Jina langu bado liko kwenye daftari la wapiga kura la kule. Nihamishe taarifa?

Fundi wa Makuburi: Hamisha, mbunge wako ni wa unapolala.

Mwana Ubungo: Hamisha mapema, usingoje wiki ya mwisho ya uboreshaji wa daftari.

Mama Kimara: Usihamishe! Waliobomolewa wakiondoka wote, kura za barabara ile atapiga nani? Njoo ulale kwangu usiku wa kuamkia uchaguzi, asubuhi tunakwenda wote.