Lebo ndogo za Ufaransa: nianzie wapi kutafuta muziki mpya wa kielektroniki wa kucheza?

Dijei wa Kondele, Kisumu

Wapenzi wa muziki, hamjambo. Mimi hupiga muziki katika kumbi na sherehe za hapa Kisumu, na wengi wanaohudhuria huja kwa ajili ya ohangla, benga na, siku hizi, amapiano. Hata hivyo, usiku ukishakomaa hubaki kundi la watu wanaopenda hausi na tekno, na hausi ya Ufaransa ndiyo inayowainua zaidi. Tatizo ni kwamba programu za kusikilizia muziki hunirudishia Daft Punk, Justice na David Guetta, hata nikitafuta kwa maneno gani. Ningependa kujua wenzangu huzifikiaje kazi mpya za lebo ndogo zinazojitegemea, yaani kampuni ndogo za kutoa muziki, na kama mtu asiye na akaunti ya benki anaweza kuzinunua kihalali, kwa sababu faili iliyochotwa kwenye video hupoteza uhai wake wote ikitoka kwenye spika kubwa.

Msikilizaji wa Menengai, Nakuru

Ndugu wa Kondele, acha kumtafuta msanii, uanze kuifuata lebo. Programu hizo hupendekeza kile ambacho wengi wamekwisha kukisikiliza, kwa hiyo wimbo uliotoka juzi Lyon au Marseille hauna njia ya kukufikia. Lebo ndogo, kwa upande wake, mara nyingi huendeshwa na mtu mmoja au wawili ambao wenyewe ni ma-DJ, na ukishayazoea masikio yao utajaribu hata jina usilolijua. F Communications, ambayo Laurent Garnier na Éric Morand waliianzisha Paris mwaka 1994, ilitoa albamu ya msanii St Germain mwaka 1995, miaka mitano kabla hajasikika kila mahali kupitia lebo kubwa ya Blue Note. Na ndiyo iliyomlea msanii Mr. Oizo kabla hajahamia Ed Banger, lebo ambayo Pedro Winter aliianzisha mwaka 2003. Aliyekuwa akiifuata F Communications hakuhitaji kusubiri redio imjulishe yeyote kati yao.

Chombo ninachokitegemea ni Discogs, tovuti ya orodha za matoleo ya muziki, ambayo ilipoanza mwaka 2000 ilishughulika na muziki wa kielektroniki pekee. Kila lebo ina ukurasa wenye matoleo yake yote kwa mpangilio wa namba. Chukua toleo unalolipenda, usome ni nani aliyelifanyia remiksi (aliyeutengeneza upya wimbo), kisha uangalie mtu huyo ametoa kazi zake nyingine kwa lebo zipi. Ukirudia hivyo jioni moja tu, utakuwa na majina ambayo hakuna programu ingekupa. Mimi ningeanzia Versatile, ambayo Gilb'R aliianzisha mwaka 1996 na ambayo ndiyo nyumbani kwa msanii I:Cube, halafu niende kwa Antinote, iliyozaliwa Paris mwaka 2012. Hizi mbili nazipenda kuliko kelele nyingi zinazosifiwa, kwa kuwa haziogopi kutoa muziki wa taratibu.

Shabiki wa Santuri, Kakamega

Kuhusu malipo, tumia Bandcamp, tovuti ambako wasanii na lebo huuza muziki wao. Ukibonyeza kitufe cha kuifuata lebo, utapata barua pepe kila inapotoa kazi mpya, na kwa kawaida unaweza kuusikiliza wimbo kabla ya kuununua. Huhitaji benki: kadi pepe ya Visa ya M-Pesa, iliyozinduliwa mwaka 2022, inatosha. Bandcamp hukata takriban asilimia 15 ya bei ya muziki wa kidijitali, lakini tangu mwaka 2020 kuna Ijumaa maalumu ambazo huacha mgao huo, na mimi huyahifadhi manunuzi yangu hadi siku hizo. Kwa kuwa bando ni ghali, pakua MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde: wimbo wa dakika sita hula takriban megabaiti 14, ilhali faili ya WAV, isiyobanwa, hula zaidi ya 60.

Dijei wa Kondele, Kisumu

Nawashukuru nyote. Je, kuna lebo ya Ufaransa yenye muziki ambao ningeweza kuupiga mara baada ya ohangla bila watu kurudi vitini?

Mwana wa Webuye, Bungoma

Ipo. InFiné, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Agoria pamoja na wenzake, ilitoa mwaka 2019 mkusanyo uitwao Digital Kabar, wenye maloya (muziki wa jadi) ya kielektroniki ya kisiwa cha Réunion, ambacho ni sehemu ya Ufaransa ndani ya Bahari yetu ya Hindi. Maloya huchezwa kwa kayamb, chombo cha matete na mbegu kinachofanana sana na kayamba la Pwani yetu, na kila pigo hugawanywa mara tatu. Ngoma ya kielektroniki hushika pigo kuu, kayamb hujaza katikati, na miguu iliyozoea midundo ya kwetu haipati taabu. Msikilize pia msanii Labelle, wa lebo hiyohiyo, halafu Jako Maron, ambaye kazi yake ya mwaka 2018 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya hapo jirani Kampala. Unapochanganya, usiingie moja kwa moja kutoka hausi ya mapigo manne; pitisha kwanza wimbo wenye ngoma tupu, ndipo uilete maloya juu yake.