Mrejesho: Programu yangu ya GPL na OpenSSL

Wakuu, niliuliza kama naweza kusambaza programu yangu ya GPL toleo la 2 (leseni ya programu huria) ikiwa imeunganishwa na OpenSSL (maktaba ya kusimba mawasiliano). Asanteni sana, tatizo limeisha.

Leseni ya zamani ya OpenSSL ilidai waundaji watajwe kwenye matangazo, na GPL haikubali masharti ya nyongeza. Tangu OpenSSL 3.0 ya mwaka 2021 wanatumia leseni ya Apache 2.0, inayopatana na GPL toleo la 3, ila siyo la 2 peke yake. Hapo ndipo nilipokwama!

Faili zangu zinasema "toleo la 2 au la baadaye", kwa hiyo nimehamia la 3. Kipande cha msimbo cha mwenzangu kilikuwa cha toleo la 2 tu. Nilimwomba kwa maandishi ruhusa ya kukihamishia la 3, akakubali. Angekataa ningetumia GnuTLS, maktaba mbadala wa OpenSSL.