Chipsi mayai baada ya kunyanyua vyuma: zinajenga mwili au zinabomoa?

KijanaWaTabata
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, nimekwama. Nanyanyua vyuma siku nne kwa wiki. Naingia jimu saa moja jioni, natoka saa mbili na nusu. Nina kilo 84, nataka misuli iongezeke na kitambi kipungue. Mlangoni kabisa mwa jimu kuna banda la chipsi. Nikitoka napiga zege (chipsi mayai) ya mayai mawili na soda baridi, nawasha pikipiki, nafika nyumbani nalala. Jamaa mmoja pale jimu anasema nafuta tizi lote, bora ninunue protini ya unga. Mwingine anasema chakula ni chakula. Nani yuko sahihi? Kumbukeni nikimaliza mikono inatetemeka na njaa inakata, siwezi kusubiri hadi nifike nianze kubandika sufuria. Afya yangu iko poa. Na mwenye banda nimeshamlipa ya mwezi mzima.

Mkufunzi_Nondo
Mkuu, zege haifuti tizi. Misuli iliyofanya kazi nzito inaendelea kupokea protini vizuri kwa saa 24 na zaidi, kwa hiyo ile habari ya kuwahi ndani ya nusu saa isikutoe jasho. Kinachohesabika ni jumla ya siku. Kwa anayejenga misuli, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito zinatosha. Kwako ni kama gramu 134. Ukigawa kwa milo minne, kila mlo ubebe gramu 30 hadi 35.

Sasa angalia sahani yako. Yai moja lina gramu 6 za protini, mawili ni 12. Viazi vya sahani nzima vinakuongezea 7 au 8. Jumla 20. Mlo huo huo una kalori zinazokaribia 1,000, na karibu nusu yake ni mafuta. Unapungukiwa protini na unazidishiwa mafuta, ndiyo maana kitambi hakitoki. Ongeza mayai yawe manne, viazi viwe nusu sahani, soda iwe maji. Hapo umeshapata mlo wa kujengea mwili kwenye banda lile lile, bila kununua unga wa mtu.

MamaJikoni
Vijana mnapenda kulishwa na barabara. Maharage ukiyachemsha Jumapili, nusu kilo makavu yanakutosha siku tatu au nne. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 za protini. Weka na dagaa wakavu gramu 30, hao peke yao wanakupa zaidi ya gramu 15. Ugali hauchukui robo saa. Dagaa uwatoe vichwa, uwaoshe maji ya moto kuondoa mchanga, uwakaange kwa kijiko kimoja cha mafuta na nyanya mbili. Mwili unajengwa jikoni kwako, mwanangu, si barabarani.

KijanaWaTabata
Mama shikamoo, nakubali, ila hapo sijafika nyumbani. Shida yangu ni ile dakika natoka jimu. Bila kula hapo hapo siwezi hata kuendesha pikipiki.

KaraiLaMoto
Acheni banda la watu. Shida ya zege si viazi, ni mafuta, na mafuta yanatokana na namna inavyopikwa. Chipsi za kwenye kabati la kioo zimeshakaangwa mara moja. Ukiagiza, zinarudishwa kwenye karai kupata moto. Kama karai limepoa kwa sababu mteja wa mbele aliagiza sahani tano kwa mpigo, viazi vinakaa muda mrefu na vinanyonya. Baadaye mpishi anachota mafuta kwenye karai lile lile kwa upawa, anamimina kwenye kikaango, anatandaza chipsi, anamwagia mayai. Yai linaganda na kufungia mafuta yote humo ndani. Ukiigeuza zege na kuibana kwa kijiko utayaona yanachuruzika pembeni.

Kwa hiyo mwambie hivi: "Chipsi zichuje kwanza, kikaango kiwe na kijiko kimoja tu." Kabla ya kuagiza angalia anavyotupa kipande cha kiazi kwenye karai. Kikipanda juu na kutoa mapovu papo hapo, moto upo. Kikizama na kukaa kimya, subiri. Mafuta yakiwa meusi, yanatoa moshi kabla hata viazi havijaingia, na povu lake halikatiki, ondoka. Hayo yamerudiwa mno.

Zaidi ya hapo, kwenye jiko la mkaa pembeni kuna kuku. Robo ya paja ukiitoa mfupa inakupa nyama ya gramu 110 hivi, protini gramu 27 au zaidi. Chukua hiyo na ndizi mbili za kuchoma na kachumbari. Umemaliza kazi.

Mzalendo_wa_Kifua
Mbona kuna utafiti Marekani ulionesha vyakula vya haraka viko sawa tu na vyakula maalumu vya wanamichezo? Hamburger na chipsi zilirudisha nguvu vile vile. Kijana asitishwe.

Mkufunzi_Nondo
Utafiti upo, Chuo Kikuu cha Montana, 2015. Lakini usome wote. Walikuwa wanaume 11, na walikuwa wakiendesha baiskeli, hawakunyanyua vyuma. Waliendesha dakika 90 kumaliza wanga uliohifadhiwa kwenye misuli, wakalishwa mara mbili, mara tu walipomaliza na tena baada ya saa mbili, kisha wakapimwa kwa mbio za baiskeli za kilomita 20. Wanga ulirudi sawa kwa vyakula vya aina zote mbili. Sehemu walizopewa zilipimwa, hawakuambiwa wale washibe. Anayenyanyua vyuma hamalizi wanga kiasi kile, na anachokitafuta ni protini. Utafiti ule unasema viazi vinarudisha wanga, jambo ambalo hakuna aliyelikataa hapa.

NesiWaZamu
Samahani, nirudi nyuma kidogo. Mleta mada, umesema unatetemeka mikono na huwezi kuendesha bila kula. Uchovu wa misuli unatetemesha mkono uliobeba, tena dakika chache tu. Naomba unijibu haya manne. Jasho linakuwa la baridi? Moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa? Mlo wako wa mwisho kabla ya jimu ni wa saa ngapi? Unatumia dawa yoyote?

KijanaWaTabata
Jasho linakuwepo, jimu ina joto. Mchana nakula saa saba. Dawa ni za kawaida tu. Tusitoke nje ya mada, naulizia chipsi.

NesiWaZamu
Za kawaida zipi? Taja jina lililoandikwa kwenye pakiti. Jibu la chipsi linategemea hapo.

KijanaWaTabata
Sawa. Nina sukari. Sikuitaja kwa sababu mtu akisikia sukari anakuambia acha kila kitu. Natumia metformin, na glibenclamide ya miligramu 5 asubuhi na jioni. Ya jioni nilikuwa nameza saa kumi na mbili kabla ya kutoka kazini ili nisiisahau. Sasa hivi siku za tizi naiacha kabisa, na kutetemeka kumepungua. Kwa hiyo hilo nimeshalitatua. Nabaki na swali la mlo.

SijashawishikaBado
Wakuu, hii chai. Juu alisema afya iko poa, sasa ana sukari. Juu anatetemeka, chini ameacha kidonge na kutetemeka kumepungua. Mgonjwa wa sukari gani anaagiza soda na zege kila usiku halafu anauliza kuhusu kitambi? Huyu anatafuta wachangiaji. Tupia picha ya hiyo pakiti tuone.

Mzalendo_wa_Kifua
Na mimi nilishaanza kuhisi. Mtu amelipa chipsi ya mwezi mzima na dawa anazo. Haiingii akilini.

KijanaWaTabata
Sina sababu ya kudanganya. Niliwahi kupimwa sukari kwenye duka la dawa jirani na jimu baada ya mazoezi, ikasoma 3.2 (mmol/L). Asubuhi kabla ya kula huwa inasoma 10 na pointi. Picha ya pakiti siweki, ina jina langu. Nimepungua kutetemeka, sikusema nimeacha.

NesiWaZamu
Ndugu SijashawishikaBado, maelezo yake yanashikana vizuri kuliko unavyodhani. Glibenclamide inalisukuma kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala, na nguvu yake inaweza kukaa karibu siku nzima. Ndiyo maana inamezwa pamoja na chakula. Yeye alimeza saa kumi na mbili, chakula saa mbili na nusu, na katikati akabeba vyuma, ambavyo navyo vinavuta sukari kutoka kwenye damu hata bila insulini. 3.2 ndiyo matokeo yake. Ameacha cha jioni, lakini cha asubuhi bado kimo mwilini, kwa hiyo kutetemeka kumepungua bila kuisha. Na 10 ya asubuhi inatokana na soda, mafuta mengi usiku, na kidonge kilichorukwa. Mlo wenye mafuta mengi unachelewesha sukari kupanda, kisha unaishikilia juu kwa saa nyingi umelala.

Sasa wewe kijana, hapa ndipo chipsi zinapokuhusu. Sukari ikiwa chini ya 4, zege ndiyo chakula kibaya kuliko vyote pale mlangoni. Si kwa ajili ya kitambi. Mafuta yanachelewesha tumbo kusukuma chakula mbele, na wewe unahitaji sukari iingie kwenye damu ndani ya dakika, si baada ya saa. Fanya hivi:

Pima. Ikiwa chini ya 4, kunywa soda ya kawaida mililita 150, yaani kama nusu chupa, isiwe ile isiyo na sukari. Au koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Hizo ni gramu 15 hivi. Kaa chini dakika 15, pima tena. Bado chini ya 4, rudia kiasi kile kile. Ikishapanda, ndipo ule mlo wako. Pikipiki usiiguse hadi isome 5 au zaidi na kichwa kiwe kimetulia.

Siku ambayo sukari si ya chini, soda haina kazi. Maji.

KijanaWaTabata
Kumbe soda nilikuwa sahihi. Na kuacha kidonge pia kumenisaidia, sioni haja ya kurudi kliniki wakanibadilishia kila kitu. Naogopa wataniambia niache jimu.

NesiWaZamu
Soda inafaa siku ya 3.2 peke yake. Ukiinywa chupa nzima kila siku ya tizi, umejiongezea gramu 35 za sukari bila sababu. Kidonge usikiruke kimya kimya. Mwambie daktari mambo matatu: saa unayomeza, saa unayokula, saa unayobeba vyuma. Anaweza kupunguza dozi, kubadilisha saa, au kukuhamishia dawa isiyoshusha sukari namna hiyo. Metformin peke yake ni nadra kuishusha. Kuhusu jimu ondoa hofu, kunyanyua vyuma kunashauriwa kwa wenye sukari kwa sababu misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari ya mwili. Ila nenda wiki hii, usisubiri tarehe ya kadi.

SijashawishikaBado
Nesi, maelezo nimeyaelewa. Lakini kwa nini asile kabla ya jimu? Saa saba mchana hadi saa mbili na nusu usiku ni pengo kubwa hata kwa mzima.

Mkufunzi_Nondo
Hapo umegusa penyewe. Saa kumi na mbili ale kitu: ndizi mbivu mbili na maziwa mtindi nusu lita. Ndizi zinampa wanga gramu 50 hivi, mtindi unampa protini gramu 16. Akipima kabla ya kuanza na kukuta chini ya 5, asibebe kwanza, ale gramu 15 hadi 30 za wanga, asubiri. Tena ajue, seti nzito na fupi zinaweza kuipandisha sukari kwa muda kwa sababu ya adrenalini, halafu ikashuka baadaye. Siku ya miguu ndiyo inavuta zaidi, maana misuli ya mapaja ni mikubwa. Kwa hiyo kipimo cha kabla ya kulala asikiruke siku hiyo, inaweza kushuka usiku wa manane.

KijanaWaTabata
Na hela ya mwezi niliyomlipa mwenye banda?

KaraiLaMoto
Haipotei. Mwambie akubadilishie: robo kuku wa kuchoma siku mbili, mishkaki mitatu siku mbili, kila mlo na ndizi mbili za kuchoma na kachumbari isiyo na chumvi nyingi. Mshikaki mmoja wenye nyama nne za kawaida unakupa protini gramu 8 hadi 10, mitatu inakaribia 30. Mayai ya kuchemsha awe nayo mawili ya akiba kuku akiisha. Tomato ya chupa iache, ina sukari. Akikataa kubadilisha, muombe chipsi kavu nusu sahani, zichujwe, na mayai matatu yakaangwe peke yake pembeni. Mafuta ya zege yamo kwenye kule kuchanganya.

KijanaWaTabata
Kuku nitajaribu. Kliniki kadi yangu ni ya mwisho wa mwezi, nitaangalia kama naweza kuwahi.

NesiWaZamu
Piga simu kesho asubuhi, usiangalie. Na vijiti vya kupimia vikiwa ghali, usipime hovyo: kimoja kabla ya vyuma, kimoja mara ukimaliza, kimoja kabla ya kulala siku ya miguu. Andika namba na saa kwenye karatasi, uende nayo.