Mrejesho: breketi zangu zilizokuwa zikibanduka

Ndugu zangu, wiki kadhaa zilizopita niliuliza kwa nini breketi mbili (vipande vidogo vinavyogandishwa kwenye meno ili kushika waya) za vyuma vyangu vya meno zilibanduka ndani ya mwezi mmoja, ilhali sikuwa natafuna vitu vigumu, na kama soda na dawa ya kusukutua mdomo vingeweza kuhusika. Nawashukuru kwa dhati mlionijibu, hasa aliyenisihi nirudi kwa daktari badala ya kubahatisha.

Daktari alinionyesha kwa kioo jino lililoachwa wazi: kandokando ya mabaki ya gundi palikuwa na mstari mweupe kama chaki, dalili kwamba enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, imeanza kupoteza madini. Alinieleza kwamba enameli huanza kuyeyuka pH ya kinywa (kipimo cha asidi; ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) inaposhuka chini ya takriban 5.5, na soda za kola zina pH ya karibu 2.5, kwa hiyo mimi, niliyekuwa nikinywa chupa moja kidogo kidogo mchana kutwa, nilikuwa naidhoofisha sehemu ileile inayoshikwa na gundi.

Dawa yangu ya kusukutua ina alkoholi, ambayo inaweza kulainisha gundi ya resini, ingawa hakuiona kuwa sababu kuu. Amenipa yenye floraidi, isiyo na alkoholi. Soda nimeiacha, hata isiyo na sukari, kwa kuwa nayo ina asidi. Nikinywa juisi nasukutua kwa maji, kisha nasubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Breketi zilizogandishwa upya zimeshika vizuri. Mstari mweupe bado upo, na ndio unaonihuzunisha zaidi. Ataukagua tena siku ya kukaza waya.